Mayai ya Marijani wa Uongo

28 Mei
Afisa wa wanyamapori aliponipa leseni alisema niandike kila siku yanayowapata nyoka wangu. Daftari la kwanza nilijaza joto na unyevu tu, nikajiona mtaalamu, na sikupata hata mtoto mmoja wa nyoka. La ofisi nitaendelea kulijaza kando. Hili naandika nitakavyo.

Nianze na aibu zangu. Mwaka wa kwanza niliozesha majike wawili. Miezi mitatu nimewaweka pamoja, nawapunguzia mwanga, naona haya hata kuwachungulia, kumbe ni jike na jike. Mwaka wa pili Evaristo, rafiki wa marehemu mume wangu, mwenye kibanda cha ndege na samaki wa mapambo sokoni, aliniazima dume lake. Jike langu Cuca akataga mayai manane, meupe, mazuri. Yote yakaoza. Nikambebea Evaristo dume lake hadi kibandani, nikamwambia mbele ya wateja kwamba ni tasa kama mwenye nalo. Evaristo hana watoto. Hatujasemezana tangu siku ile.

Huu ni mwaka wa tatu. Leseni inasema miaka mitatu ikipita bila kuzaliwa nyoka hata mmoja, wangu wote wanachukuliwa wapewe mfugaji mwingine. Afisa anakuja mwisho wa Oktoba. Safari hii dume nimeliazima kwa mfugaji wa Xalapa, limefanya kazi yake na limesharudi kwao kwa basi. Cuca amejaa tumbo. Jioni imenyesha mvua ya kwanza.

2 Juni
Tisa! Nimeyakuta niliporudi kutoka kanisani, yameshikana kwenye makumbi ya nazi. Nimeyatenganisha kabla hayajagandana, nikaweka kila moja nukta ya penseli upande wa juu, nikayahamishia kwenye sanduku lenye taa ya joto. Yai la nyoka likishalala, limelala. Ndani mtoto hujishikiza juu, ukimgeuza anazama kwenye maji yake mwenyewe. Ndiyo maana ya nukta.

Mama alisimama mlangoni na beseni la mahindi ya bata mzinga wake.
"Mangapi?"
"Tisa."
"Bata wangu wa kijivu ana kumi na moja," akasema, akaenda zake.

3 Juni
Mvua.

6 Juni
Jirani kaua nyoka mwingine nyuma ya zizi la nguruwe. Nilienda kuangalia. Pete nyekundu, nyeusi na nyeupe, na nyeusi imeibana nyeupe pande zote mbili: marijani wa uongo, asiye na sumu hata ya kumdhuru chura. Marijani wa kweli ndiye anayeua, naye pia ana pete nyekundu, basi hapa San Andrés kila mwenye pete hupigwa panga kwanza. Mume wangu aliua wanne kabla sijamfundisha kusoma rangi. Akawa anajuta kweli, maskini. Watu wa mjini wanaotaka kufuga nyoka wazuri nao huletewa waliokamatwa mlimani, nusu wanafia njiani. Wangu wakizaliwa hapa, watafugwa hawa badala ya wale wa mlimani. Si jambo kubwa. Ni langu.

Nilimweleza Mama wakati wa chakula.
"Mwanangu," akasema, "una miaka hamsini na miwili. Ungeweza kuolewa."
"Na nani?"
Akafikiri, tena kwa muda mrefu.
"Haya, nyoka," akasema, akanisogezea maharage.

11 Juni
Joto ishirini na saba. Nukta zote juu.

15 Juni
Alikuja mganga kutoka Catemaco, na mkufu wa meno shingoni, akitaka nyoka mmoja wa kukausha. Nikamwambia sina wa kukausha, ninao wa kuishi. Akasema atanitupia jicho. Mama akatoka na ufagio: "Mtupie kwanza yule jogoo wangu asiyewika, tuone kama dawa yako inafanya kazi!" Mganga akaondoka. Sikujua kwamba Mama ana upande katika mambo ya nyoka, sembuse upande wangu.

19 Juni
Mvua. Nukta juu. Kiwandani nimesokota sigara mia mbili, vidole vinanuka tumbaku hata baada ya ndimu.

24 Juni, Mtakatifu Yohana
Niandike kama yalivyotokea.

Mto ulipanda hadi barabarani na kiwanda kikatufungulia saa sita mchana. Sijawahi kufika nyumbani saa hizo siku ya kazi. Nilikwenda moja kwa moja chumba cha nyoka, nikafungua sanduku. Juu ya kila yai kulikuwa na msalaba mdogo wa mkaa.

Mwanzoni nilicheka. Ni Mama, nikajua. Radi ilikuwa imepiga tangu alfajiri, na wafuga bata wote wa huku huyachora mayai misalaba ya mkaa ili ngurumo zisiue vifaranga. Kisha nikatafuta nukta zangu, nisizione. Nikainamisha kichwa mpaka sikio likagusa ukingo wa sanduku. Nukta zilikuwa chini.

"Mama! Nani kashika mayai?"
"Nani mwingine? Paka?" Alikuja anafuta mikono kwenye aproni. "Radi zilivyokuwa zinapiga! Ulitaka wafie ndani?"
"Mbona nukta ziko chini?"
"Kwa sababu ni mchana. Alasiri ningeyarudisha, kama kawaida."
"Kama kawaida?"
"Asubuhi nageuza, alasiri narudisha, kabla hujaja. Wewe unayaacha yamelala upande mmoja tu, Otilia, hata huoni huruma. Yai lisipogeuzwa mtoto ananata kwenye ganda. Nimelea bata miaka sitini, mimi."
"Tangu lini?"
"Tangu siku uliyoyaweka." Akanitazama, akaona kitu usoni mwangu, akapunguza sauti. "Na yale ya mwaka jana. Nilikuwa nakusaidia, mwanangu."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Aliyasikiliza yote amesimama. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo yale manane ni mimi?" Nikasema ndiyo. Akaenda uani kwenye mvua, akakaa kwenye banda la bata bila hata kitambaa kichwani. Sikumfuata. Nina hasira, na naiandika ili iwe mahali fulani.

25 Juni
Nimeyamulika kwa tochi. Matano yana mishipa bado. Manne yana maji ya njano.
Mama hakula.

27 Juni
Matano.

29 Juni
Matatu. Ukungu wa kijani. Nimeyatoa kwa kijiko yale yaliyooza ili yasiambukize.

1 Julai
Moja. Mama kaniuliza kupitia mlangoni, "Bado?" Nikasema bado. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya wiki nzima.

4 Julai
Hakuna.

Nililifungua la mwisho. Mtoto alikuwa mrefu kama kidole changu, pete zimeshaanza kuonekana. Nilimzika chini ya mgomba na kurudi ndani nikiwa nimeamua kuwapigia simu ofisini waje wawachukue, nisingoje Oktoba. Niliinua simu. Mama alikuwa jikoni, anapeta maharage.

"Bata jike akipoteza mayai mapema," akasema bila kuinua macho, "ukimlisha vizuri hutaga tena. Sijui nyoka. Nimeacha kujua kuhusu nyoka. Nasema tu bata."

Nikaishusha simu. Anasema kweli! Nimesoma hilo mahali: marijani jike, akishiba na dume likiwepo, huweza kutaga mara mbili katika mvua moja. Nikahesabu kwa vidole. Akipandwa katikati ya Julai, atage katikati ya Agosti, siku sitini, ni katikati ya Oktoba. Inawezekana, kwa kubana. Ila dume la Xalapa limeshaazimwa kwingine hadi Desemba. Dume la marijani ninalolijua karibu ni moja tu, nalo nilishalitangaza tasa sokoni.

7 Julai, Jumapili
Nilivaa gauni la kanisani. Mama akasema anakwenda kuuza bata, akanifuata na kikapu.

Evaristo alikuwa anabadilisha maji ya samaki. Hakugeuka.
"Shemeji," akasema, "nasikia nyayo za mtu aliyenitusi."
"Nimekuja kuazima dume."
"Lipi? Lile tasa?"
"Lile."
"Aa, masikini. Tasa amelala. Ana aibu, hatoki mbele za watu." Sasa aligeuka, na hakuwa anacheka tena. "Mwaka mzima, Otilia. Watu wananunua chiriku wanauliza kama anazaa. Uliyasema hapahapa, watu wamejaa. Yarudishe hapahapa."

Basi nikapanda juu ya kreti la soda. Mimi, mjane wa miaka hamsini na miwili, na gauni la kanisani. Nikasema kwa sauti ile ile ya mwaka jana kwamba dume la Evaristo ni zima, kwamba mayai yaliharibikia nyumbani kwangu, kwa kosa langu, na kwamba nililolisema kuhusu yeye mwenyewe halikuwa la kusemwa na mtu mwenye adabu. Mwuza tambi akapiga makofi. Mama alisimama pembeni na bata mikononi, anatazama chini. Sikumtaja. Nilipokuwa naongea niliona tu utosi wake, mvi zimegawanywa katikati vizuri kama kila siku, na hasira yangu ikapungua kidogo.

Evaristo aliniletea dume ndani ya foronya.
"Mpe joto. Na umwombe radhi yeye pia," akasema.
Nilimwomba njiani. Mama alisikia, nadhani.

12 Julai
Wamepandana saa tatu nzima. Hakuna jike na jike safari hii, nimehakikisha.

15 Julai
Cuca kala panya wawili.

20 Julai
Panya watatu. Mvua haikatiki, viatu vimeota ukungu kabatini.

2 Agosti
Mama kauliza kama anaweza kumtazama Cuca akila. Nikamwambia aingie. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono ameikalia.

17 Agosti
Matano. Madogo kuliko ya kwanza, moja limepinda. Nimeweka nukta.

Nilikuwa nimenunua kufuli. Nililishika mkononi na Mama akaliona.
"Funga," akasema. "Mimi mwenyewe nisingejiamini."
Niliwaza kuhusu kiwanda, kwa masaa kumi kila siku mimi sipo, taa ya joto inaweza kuungua, maji yanaweza kukauka. Nikaweka kufuli kwenye droo. Nikachora kwa rangi ya kucha mistari miwili kwenye bakuli la maji na miwili kwenye kipimajoto, maana Mama hasomi, na nikamwambia: maji yasishuke chini ya huu, joto lisipite huu, na yai usiliguse hata likikuita kwa jina.
"Na radi?"
"Radi chora ukutani."
Akachora. Msalaba mkubwa wa mkaa juu ya sanduku, na mwingine mlangoni, na mmoja, nimeuona sasa hivi, kwenye kiti changu.

30 Agosti
Nukta juu. Mama kaniita kiwandani kwa simu ya jirani, nikakimbia na moyo mkononi: maji yalikuwa *kwenye* mstari, si chini wala juu, alitaka kujua afanyeje.

8 Septemba
Mvua. Nukta juu.

20 Septemba
Mawili yamebonyea, moja ni lile lililopinda. Nilidhani Mama atalia. Aliuliza, "Nimefanya nini?" Nikamwambia hakufanya kitu, mengine hufa tu. Akauliza mara tatu, nikajibu mara tatu. Yamebaki matatu.

9 Oktoba
Upepo wa kaskazini umeingia mapema, mabati yanapiga kelele na umeme umekatika mtaa mzima tangu asubuhi. Joto ishirini na mbili na linashuka. Kiwanda kimefungwa.

"Nimkalishe bata mzinga juu yake?" Mama akauliza, na kwa nusu hakuwa anatania. Badala yake tukachemsha maji kwa kuni, tukajaza chupa za soda, tukazizungushia vitambaa na kuzipanga pembeni mwa sanduku. Kila saa tunabadilisha. Yeye anachemsha, mimi napanga. Mara moja tu alinyoosha mkono kunisaidia, akaurudisha mwenyewe kabla sijasema.

10 Oktoba
Chupa. Ishirini na nne. Evaristo kaleta kuni kavu na kukaa kunywa kahawa. "Tasa anawasalimu," akasema.

11 Oktoba
Umeme umerudi alasiri. Tumelala wote wawili tumekaa.

16 Oktoba
Siku ya sitini. Hakuna kitu.

20 Oktoba
Hakuna. Baridi imewachelewesha, au imewaua. Siwezi kumulika tena, ganda limekuwa zito. Afisa ametuma ujumbe: tarehe ishirini na nane.

23 Oktoba
Hakuna. Nimewasafisha nyoka wote, nimewapangia vyumba vyao vizuri. Wakichukuliwa, wachukuliwe wasafi. Lakini bado sijakubali.

26 Oktoba
Mama ndiye aliyeona. Nilikuwa nafua.
"Otilia, yai limechanika! Sijaligusa! Naapa kwa mama yangu sijaligusa!"
Mpasuko mdogo, na ndani yake pua. Tulikaa kwenye ndoo mbili tangu saa nne hadi saa kumi, hatukupika. Kichwa kikatoka, kikarudi, kikatoka. Saa kumi na robo alikuwa nje mzima, mwekundu kuliko mama yake, ulimi unacheza. La pili lilichanika kabla ya jua kuzama.
"Mbona hawana manyoya," Mama akasema, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi nililia. Sioni haya kuandika.

27 Oktoba
Watatu. Wote hai.

28 Oktoba
Afisa aliyekuja anaitwa Cobaxin, kijana mwenye kofia na mafua. Aliwahesabu watatu mara mbili, akapiga picha, akasema vizuri sana. Kisha akatoa fomu. Ukurasa wa pili unataka mayai yaliyokufa na sababu: maumbile, maradhi, hitilafu ya mitambo, au uzembe. Evaristo, aliyekuja kuona watoto wa dume lake, wajukuu zake kama anavyosema, alininong'oneza: "Umeme, shemeji. Andika umeme. Ukiandika uzembe wanaweza kukunyang'anya hata na hawa." Nilikuwa nimeshaamua hivyo hivyo. Nikatia alama kwenye mitambo, mayai tisa, na kwenye maumbile, mawili.

"Nisomee," Mama akasema.
"Ni mambo ya ofisi, Mama."
"Nisomee."
Nikamsomea. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza.
"Umeme haukukatika Juni. Evaristo kabeba lawama yangu mwaka mzima. Wewe ukaibeba sokoni, juu ya kreti, na mimi nimesimama pale na bata wangu nimenyamaza. Sasa mnataka na umeme ubebe?" Akamgeukia kijana. "Baba, ni mimi. Niliyageuza kama ya bata. Manane mwaka jana, tisa mwaka huu. Andika."

Cobaxin aliweka kalamu chini.
"Bibi, wewe umeandikishwa hapa kama mtunzaji?"
"Hapana."
"Basi ni kosa baya zaidi. Mtu asiyeandikishwa kuingia chumbani."
"Niandikishe."
Evaristo akafumba macho. Kijana akapenga kamasi, akamtazama Mama, akamtazama tena, na nadhani alitaka tu kumaliza na kwenda nyumbani, lakini akauliza. Joto? Mama akaonyesha nafasi kati ya mistari yangu ya rangi ya kucha. Maji? Akaonyesha. Ukungu? Unatoa lililooza kwa kijiko, hugusi la jirani. Umeme ukikatika? Chupa za moto pembeni, kitambaa, kila saa.
"Na yai linageuzwa mara ngapi?"
Mama alinitazama, kisha akalitazama sanduku.
"Haligeuzwi, baba," akasema. "Linaachwa. Unakaa hapo, unalipenda, na unaliacha."

Cobaxin alifuta alama yangu ya mitambo. Akatia yake kwenye uzembe na kuandika mbele yake: *umekubaliwa na kurekebishwa*. Leseni akanipa ya mwaka mmoja, si mitatu; atarudi Oktoba nyingine kuangalia. Mwaka mmoja unanitosha. Chini ya jina langu, kwenye nafasi ya mtunzaji wa pili, akaandika *Eufrosina Temich, miaka 78*, akatoa kidau cha wino kwa ajili ya kidole gumba.

Kijana alipoondoka, Mama alibaki na karatasi mkononi, dole limejaa wino, anaitazama pande zote.
"Niko wapi hapa?" akauliza.
Nikamshika kidole, nikakiweka juu ya jina lake.